Andika ulikokwenda na uliokutana nao

Janga linapoanza kushika kasi, tenga daftari dogo na kila jioni uandike mistari miwili mitatu: umetoka kwenda wapi, umekaa na nani, ndani au nje, madirisha yalikuwa wazi au la. Dalili za ugonjwa kama UVIKO-19 huweza kuchelewa hadi siku 14 baada ya mtu kuambukizwa, na siku za kujifungia ndani hufanana mno, kumbukumbu huzichanganya upesi. Ukianza kukohoa, utajua mara moja wa kuwapigia simu, hasa wazee na wenye kisukari, bila kubahatisha.

Simu nayo inafaa kuandikia, ila mimi napendelea karatasi. Ukiifungua simu saa hizo, habari za vifo zinakuvuta na usingizi unaruka.

Ongeza mstari wa hali yako: umelala vipi, nini kimekutia hofu. Uvumi uliousikia uandike pia, pamoja na aliyekuletea. Usome tena baada ya wiki chache. Mwingi utakuwa umeshajifia wenyewe, na utajua ujumbe wa nani usihangaike kuufungua.