Oili ya Injini Inavuja Wapi? Namna ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri

Doa la oili chini ya gari huonyesha mahali tone lilipodondokea, si mahali oili ilipotokea. Oili ikishatoka ndani ya injini hufuata kingo za chuma, hupita juu ya vichwa vya boliti, husukumwa nyuma na upepo gari likiwa mwendoni, kisha hudondoka kutoka sehemu ya chini kabisa, ambayo kwa magari mengi ni sampo (bakuli la oili lililo chini ya injini) au pale injini inapoungana na gia boksi. Somo hili nililipia fedha hapa Mtwara, nilipoagiza gia boksi ya pikapu ishushwe ili sili (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma ya krenkishafti, mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, ibadilishwe. Kazi ilichukua siku mbili, klachi nayo ikabadilishwa kwa kisingizio kwamba tayari tumeshafungua, na wiki iliyofuata doa likarudi palepale. Oili ilikuwa ikitoka kwenye kona ya nyuma ya gasketi (kizibo cha maungio) ya kava la tapeti, yaani mfuniko wa juu wa injini, na kuteremka nyuma ya injini, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo. Fundi aliibadilisha gasketi hiyo kabla ya chai ya saa nne.

Kwanza hakikisha kwamba kinachodondoka ni oili ya injini. Katika mji wetu wenye mchanga, tone hunyonywa na ardhi kabla hujaliona vizuri, kwa hiyo tandika katoni safi iliyokunjuliwa chini ya injini jioni, na uchore kwa kalamu upande ulioelekea mbele ya gari. Asubuhi utazame rangi. Oili ya injini huwa ya kahawia au nyeusi na huteleza kati ya vidole. Oili ya gia otomatiki na ya usukani mara nyingi ni nyekundu. Maji ya rejeta yenye kemikali huwa ya kijani au ya waridi na hukauka kwa kuacha ukoko. Maji matupu yasiyo na rangi wala harufu ni ya kiyoyozi, na kwa unyevunyevu wa pwani yetu huweza kuwa mengi kiasi cha kumtia hofu mwenye gari bure.

Pima pia kiwango kwa stiki ya oili, injini ikiwa imezimwa na gari likiwa kwenye usawa. Oili iliyojazwa kupita alama ya juu yaweza yenyewe kuwa sababu ya kuvuja. Kama kiwango hushuka lakini katoni hubaki kavu, huenda injini inaichoma, na moshi wa bluu kwenye ekzosi utakuthibitishia hilo.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo watu wengi huiruka, nayo ni kuosha. Vumbi jekundu la barabara za Tandahimba na Newala hushikana na oili likawa tope gumu, na injini iliyovikwa tope hilo huonekana kuvuja kila mahali. Kabla hujaliondoa, litazame, kwa sababu mahali lilipo nene zaidi pana historia ndefu ya unyevu. Kisha, injini ikiwa imepoa kabisa, funika kwa mifuko ya plastiki oltaneta (mashine ya kuchaji betri), mdomo wa kuvutia hewa na viungio vya nyaya, paka mafuta ya taa kidogo kwa brashi, sugua, futa kwa kitambaa, halafu malizia kwa maji ya sabuni. Usitumie petroli, kwa maana mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu, na usiruhusu mashine ya maji ya presha ielekezwe moja kwa moja kwenye nyaya. Acha injini ikauke hadi unapoweza kupitisha kitambaa cheupe bila kuchafuka.

Sasa liendeshe gari mwendo mfupi unaotosha kuipasha moto injini. Kwa mtu wa Mtwara mjini, kwenda Mikindani na kurudi kunatosha. Ukirudi, acha injini ikinguruma mahali palipo wazi na utazame kwa tochi na kioo kidogo, ukianzia juu na kushuka. Unachokitafuta ni sehemu iliyolowa ambayo ipo juu kuliko nyingine zote na mbele kuliko nyingine zote, kwa kuwa kila kilicho chini yake na nyuma yake huenda kimelowa kwa sababu yake. Ukilazimika kuingia chini, zima injini, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu kwa mawe, na uliegemeze gari kwenye stendi. Jeki peke yake si kitu cha kulaza mwili wa binadamu chini yake.

Anza na kava la tapeti, hasa kona zake za nyuma, pamoja na mfuniko wa kujazia oili. Gasketi ya mpira hukauka kwa joto na miaka ikawa ngumu kama plastiki. Chomoa waya wa swichi ya presha ya oili. Ukikuta oili ndani ya kiungio chake, swichi imekufa, na kipuri hicho ni cha bei nafuu. Kagua filta, na kama uvujaji ulianza mara baada ya kubadilisha oili, iwe mshukiwa wako wa kwanza pamoja na nati ya sampo ya kumwagia oili: hutokea mpira wa filta ya zamani ukabaki umeganda kwenye injini, filta mpya ikafungwa juu yake, na oili ikatoka kwa wingi mara presha inapopanda. Mbele, sili ya krenkishafti hujulikana kwa mstari wa oili uliorushwa kwa duara na pulii. Nyuma, oili inayotoka kwenye tundu la chini kati ya injini na gia boksi yaweza kuwa ya sili ya nyuma, lakini inuse kwanza: oili ya gia boksi ya kawaida ina harufu kali kama ya kiberiti. Magari yanayolala karibu na bahari yana tatizo lao jingine, nalo ni sampo ya bati kuliwa na kutu hadi ikatoboka vitundu vyembamba kama vya sindano.

Pale ambapo macho yanashindwa, nyunyiza poda ya watoto kwenye sehemu kavu unayoishuku, uendeshe tena kidogo, na oili itachora njia yake kwenye weupe huo. Kwa uvujaji mdogo sana ipo rangi maalumu ya kuchanganya na oili, ambayo hung'aa chini ya taa ya miale ya zambarau. Aidha, kuna uvujaji unaojitokeza mlimani tu, kwa kuwa gari linapopanda, kama vile kuelekea Newala, oili hurudi nyuma ya injini na kulemea gasketi za upande huo.

Ukikuta unyevu umetokea sehemu nyingi kwa pamoja, usikimbilie kununua sili zote. Kagua kwanza bomba la kupumulia injini na vali yake. Likiziba, hewa iliyobanwa ndani husukuma oili nje kupitia popote palipo dhaifu, na sili mpya itavuja kama ile ya zamani. Legeza mfuniko wa kujazia oili injini ikinguruma. Hewa ikitoka kwa nguvu, ama bomba limeziba ama ringi za pistoni zimechoka, ingawa injini nyingi za dizeli za zamani hupumua kidogo kwa kawaida yake.

Kuhusu matengenezo, nina mawili tu. Kukaza boliti za sampo kwa nguvu zote hupinda bati na kuongeza uvujaji. Na silikoni inayopakwa kwa ukarimu hubanwa ikaingia ndani, ikamenyuka, na kuziba chujio la pampu ya oili. Baada ya kutengeneza, osha tena, uende Mikindani tena, na utandike katoni mpya usiku huo. Iwapo oili inadondokea ekzosi, au taa ya presha ya oili imewaka, zima injini na uliache gari hapo lilipo hadi fundi afike.