Wataka kusomea utherapisti wa ndoa na familia na wewe uko Mombasa? Anzia hapa

Huulizwa sana hili swali, hasa na akina dada ambao mtaani ndio tayari huitwa ndoa ya mtu ikiwaka moto, kwamba sasa nataka nisomee kabisa niifanye kazi, nianzie wapi. Jibu ni refu kidogo kwa hivyo tafuta chai yako ukae, ila kabla ya vyuo na karo kuna kitu kimoja lazima nikwambie kwa sababu ndicho kilichonisumbua mimi kuliko mitihani yote.

Sisi huku tumelelewa na suluhu. Mume na mke wakikorofishana kuna shangazi, kuna somo aliyemfunda bi harusi, kuna mzee wa mtaa, kuna imamu au pasta, na yakishindikana kuna Kadhi. Hawa wote kazi yao ni kusikiza pande mbili halafu kusema nani ana makosa na afanye nini. Ni kazi ya heshima na mimi siidharau hata kidogo. Lakini therapisti hakai kwenye kile kiti. Wewe wasomea kukaa katikati ya watu wawili wanaoumizana usimuhukumu yeyote, huku ukitazama ule mchezo unaojirudia baina yao, yaani huyu akinyamaza yule apiga kelele, yule akipiga kelele huyu azidi kunyamaza, na hakuna anayejua ulianzia wapi. Kama wewe ndiye yule ambaye watu humsifu kwa kutoa uamuzi wa haki haraka haraka, jua kwamba masomo yatakuvunja hicho kipaji kwanza ndipo yakujenge upya.

Haya, tuje kwa makaratasi. Hii ni kozi ya uzamili, kwa hivyo lazima uwe na digrii ya kwanza. Ukiwa na saikolojia, ushauri nasaha, sosholojia au kazi ya jamii mambo huwa mepesi. Ukiwa ulisomea biashara au ualimu usikate tamaa, ila andika kabisa kwa idara na uulize kama watakupa masomo ya kujaziliza kabla ya kuanza masta yenyewe, upate jibu kwa maandishi. Majibu ya mdomo kwenye simu hayana kesho.

Chuo kimoja chenye jina hili hili la ndoa na familia kwenye cheti ni Pan Africa Christian University, watu huita PAC, iko Nairobi upande wa Roysambu, na wana masta mpaka PhD ya fani hii. Vyuo vikuu vingine kama USIU na Daystar wana masta ya saikolojia ya ushauri, na wengi hupitia njia hiyo halafu wakaelekeza mafunzo yao ya vitendo kwa wanandoa na familia. Njia zote mbili zafaa. Mimi binafsi naona jina la kozi ni jambo la pili. La kwanza ni haya maswali, na uyaulize kabla ya kulipa hata shilingi: nitaanza kukaa na wateja muhula wa ngapi, nitafanyia wapi praktikamu, yaani hayo mafunzo ya vitendo, na je naweza kuifanyia huku Mombasa, nani atakuwa supavaiza wangu, yaani mtaalamu wa kunisimamia, na yeye mwenyewe amesomea kazi ya familia au ya mtu mmoja mmoja, na je, atawahi kuniona nikifanya kazi au atasoma ripoti zangu tu. Hili la mwisho ndilo kubwa. Fani hii imejengwa na watu waliotazamana wakifanya kazi. Akina Salvador Minuchin na Jay Haley, waasisi wa tiba ya familia, kule Philadelphia Marekani walikuwa wakifundisha nyuma ya kioo cha upande mmoja, mwanafunzi yuko ndani na familia, mwalimu yuko upande wa pili anaona kila kitu, na mambo yakikwama ampigia simu pale pale ndani ya chumba amwambie jaribu hivi. Siku hizi hurekodiwa video wateja wakikubali. Chuo ambacho hakuna mtu atakayekuona ukiwa kazini utatoka na cheti kizuri na mazoea yako mabaya yakiwa vile vile.

Pia angalia chuo kimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, na ukisomea nje au mtandaoni kwa chuo cha nje, ulizia mapema namna cheti hicho kitakavyotambuliwa hapa Kenya.

Barua ya maombi, tafadhali usiandike kwamba wapenda kusaidia watu, kila mtu ameandika hivyo. Andika kisa kimoja. Wakati gani ulikaa na familia yenye shida, ulifanya nini, na nini ulichofanya ambacho leo wewe mwenyewe waona kilikuwa makosa. Na kwenye intavyuu wakikuuliza kuhusu familia yenu usitoe picha ya harusi ambayo kila mtu anacheka. Hawatafuti mtu mwenye familia isiyo na shida, watafuta mtu anayeweza kuizungumzia yake bila kuficha na bila kuporomoka.

Pesa na safari. Ikiwa masomo ni ya wikendi au ya vipindi Nairobi, treni ya SGR ndiyo iliyoniokoa, ni kama masaa matano na waweza kusoma njia nzima, ingawa tangu Januari 2024 ekonomi ilipanda kutoka elfu moja ikawa elfu moja na mia tano, na kumbuka hiyo ni upande mmoja, bado hujafika stesheni ya Miritini kutoka nyumbani wala hujatoka stesheni ya Syokimau kuingia mjini Nairobi. Piga hesabu ya miaka miwili nzima ikiwemo kulala, si karo peke yake. HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, nao wana mkopo wa uzamili, ulizia. Na uwaambie watu wa nyumbani mapema kwamba kuna Jumamosi hutakuwepo kwenye harusi wala matanga, kwa sababu huku kwetu kutoonekana ni kesi.

Sasa jenogramu. Hapa nitakawia kidogo kwa sababu ndiyo kazi ya kwanza ya maana utakayopewa na wengi huifanya kama homuweki ya kuchora. Jenogramu ni mchoro wa familia yako wa vizazi vitatu angalau, mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, mstari wa ndoa, mistari ya watoto, halafu juu yake wachora uhusiano wenyewe, mstari wa zigizaga ni ugomvi, mistari mitatu sambamba ni watu walioshikana kupita kiasi, mstari uliokatwa ni waliokatana wasisemezane. Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani aliyeianzisha fikra hii ya vizazi, mwaka 1967 alisimama mbele ya wataalamu wenzake akaeleza kazi aliyoifanya na familia yake mwenyewe, na mpaka leo wanaomfuata husema huwezi kumpeleka mteja mahali ambapo wewe hujafika nyumbani kwenu.

Ukichora ya familia ya Pwani utaona alama za vitabuni zinakubana. Kuna uke wenza, babu ana mistari ya ndoa mitatu. Kuna binamu waliooana, hapo huchorwa mistari miwili ya ndoa. Kuna mtoto aliyelelewa na nyanya mpaka akadhani mamake ni dadake. Kuna baba aliyeenda Ghuba kazini akarudi baada ya miaka kumi akakuta watoto hawamjui, na siku hizi ni mama ndiye anayeenda. Yote hayo yaingie kwenye karatasi. Mimi nilipomaliza yangu niliona kwamba kwetu wanawake vizazi vitatu wamekuwa wakikasirika kimya kimya mpaka wanaugua, na mimi niko kwenye foleni hiyo hiyo, nikalia pale sakafuni penseli mkononi. Nenda ukaongee na wazee wakati wapo, uliza kwa upole, wala usiende na karatasi mkononi kama mtu wa sensa. Na ukiweza jitafutie therapisti wako mwenyewe kipindi hicho, si lazima uwe mgonjwa.

Nadharia utasoma nyingi, usiogope. Minuchin atakufundisha kuangalia mipaka, nani anaingilia nani, mtoto gani amepandishwa cheo akawa mshauri wa mamake. Pia atakufundisha kitu kidogo chenye nguvu sana, kwamba wanandoa wakianza kukwambia wewe, wageuze waambiane wao kwa wao, uone vile wanavyofanya badala ya vile wanavyosimulia. Sue Johnson, mwanasaikolojia wa Kanada aliyebobea kwa wanandoa, atakuonyesha kwamba chini ya hasira mara nyingi kuna mtu anayeuliza bado upo na mimi. John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Marekani, alitaja mambo manne yanayoiua ndoa, kumshambulia mtu tabia yake, dharau, kujitetea na kujifunga kimya kama ukuta, na kati ya hayo dharau ndiyo mbaya zaidi. Mimi nikisoma hayo nilifikiria ule msonyo wa kwetu. Ukiwa kikaoni ukasikia msonyo, simamisha mambo pale pale, hapo pamebeba mengi.

Lugha nayo. Utasomea kwa Kiingereza halafu mteja wako akuje aseme roho yaniuma, moyo umejaa, huyu bwana anitia presha, nimechoka naye mpaka mifupa. Usimbadilishie maneno kichwani ukayafanya ya kitabu. Nilikuwa na daftari ndogo naandika jinsi watu wanavyosema maumivu kwa Kiswahili, bila jina la mtu, na hilo daftari limenifaa kuliko noti nyingi za darasani. Nimechoka ya mke wa Kisauni mwenye watoto watano na nimechoka ya mtu anayefikiria kujitoa uhai ni neno moja, lazima uulize, na uulize wazi wazi.

Praktikamu. Nilipofanyia kipindi cha kwanza niliwekwa mapokezi kupanga mafaili, miezi miwili ikapita sijakaa na wanandoa hata mara moja, nami kwa adabu zetu nikanyamaza nikaogopa kuonekana sina heshima. Masaa hayo hayakuhesabiwa kama ya praktikamu. Kwa hivyo kabla ya kuanza, pata barua inayosema utaona wateja wangapi kwa wiki na wangapi kati yao ni wanandoa au familia. Nilipohamia pengine, wanandoa wangu wa kwanza niliwapoteza kikao cha pili. Mke alikuwa analia, mume amekunja mikono, na mimi bila kujua kiti changu kilikuwa kimesogea kwa mke. Supavaiza alinionyesha kwenye video. Hakunigombeza, aliniuliza tu, huyu bwana alivyotoka hapa alikuwa na nani upande wake? Sijasahau.

Kuna mambo mawili usicheze nayo. La kwanza ni siri. Mji wetu ni mdogo, mteja wako ni binamu ya jirani yako na mtakutana Marikiti Ijumaa. Sema siku ya kwanza kwamba mkionana nje wewe hutamsalimia mpaka yeye aanze. Usimchukue mtu wa ukoo wako wala rafiki wa karibu hata akikubembeleza, mpeleke kwa mwenzako. Na kwa wanandoa, waambie wote wawili mapema utafanya nini mmoja akikupigia kando akuambie siri, kwa sababu ukishaibeba umeshakuwa wa upande mmoja.

La pili ni vipigo. Kabla ya kuwakalisha pamoja ongea na kila mmoja peke yake, uliza kama kuna kupigwa au kutishwa. Mke aliyeulizwa mbele ya mume atasema hakuna, na akisema ukweli huenda akaulipia usiku huo. Pale penye hofu hakuna kikao cha pamoja, kinachokuja kwanza ni usalama. Ifahamu Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya 2015, na uweke kichwani 1195 kwa dhuluma za kijinsia na 116 kwa watoto, zote zapigwa bure. Isome pia Sheria ya Ndoa ya 2014, inatambua ndoa za aina tano, ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, na huku Mombasa zote tano zitakaa kwenye sofa yako.

Ukimaliza, kusajiliwa si hiari. Hapa Kenya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 iliunda Bodi ya kusimamia kazi hii na huruhusiwi kufanya kazi bila usajili wao. Ukitamani kwenda Marekani, tafuta kozi yenye ithibati ya COAMFTE, chombo cha huko kinachoidhinisha kozi za fani hii, na ujue lisensi hutolewa na kila jimbo kivyake. California peke yake wataka masaa 3,000 ya kazi chini ya supavaiza, kwa wiki zisizopungua 104, na 500 kati yake yawe na wanandoa, familia na watoto.

Ndiyo maana nasema anza kuandika masaa yako siku ya kwanza kabisa ya praktikamu, tarehe, muda, mtu mmoja au wanandoa au familia, nani alisimamia. Daftari moja na nakala kwenye imeili. Na supavaiza atie sahihi kila wiki, usingoje mwisho wa muhula, watu huhama kazi, na ukimtafuta mwaka unaofuata huenda hata simu yake haipatikani.