Wakala alikuambia bima ya maisha ni sharti la mkopo wa nyumba? Jinsi ya kuomba ifutwe na urudishiwe ada

Mtumishi wa Mwanza anayetafuta mkopo wa nyumba mara nyingi huligundua tatizo hili akiwa mezani kwa afisa mikopo. Slipu ya mshahara inafunguliwa, kidole kinasimama kwenye mstari mmoja wa makato, na swali linafuata: hii elfu themanini na tano ni ya nini? Ni bima ya maisha aliyojaza wakala alipopita shuleni au wodini saa ya chai. Aliambiwa ni akiba atakayoitoa wakati wowote, au kwamba benki haitoi mkopo wa nyumba bila bima hiyo. Sasa bima hiyohiyo ndiyo inayoupunguza mkopo.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu huwezi kujua kama shauri hili linastahili usumbufu wake. Chukua mshahara wa msingi wa 1,200,000. Theluthi moja, yaani 400,000, lazima ibaki mkononi mwa mtumishi. Tuseme baada ya kodi, pensheni, bima ya afya na rejesho la mkopo wa elimu ya juu zimebaki 754,000. Nafasi ya rejesho jipya ni 354,000 kwa mwezi. Kwa mkopo wa miaka 15 wenye riba ya asilimia 15 kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye salio linalopungua, rejesho hilo linabeba mkopo wa kama milioni 25.3. Ukiiacha bima ya 85,000 pale ilipo, nafasi inashuka hadi 269,000 na mkopo unashuka hadi milioni 19.2. Kato la elfu themanini na tano limekula milioni sita za mkopo. Kwa anayejenga Buswelu au Kisesa hapo ndipo panapoamuliwa kama nyumba itaezekwa mwaka huu au la.

Halafu tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuijutia bima ni jambo moja, kuuziwa kwa maelezo ya uongo ni jingine. Kama ulielezwa vizuri, ukasaini, na leo umebadili mawazo, haki yako ni kuivunja kwa masharti yaliyomo kwenye mkataba, na mikataba mingi ya bima yenye akiba hailipi kitu, au hulipa kidogo sana, ikivunjwa katika miaka miwili mitatu ya mwanzo. Lakini ukiambiwa ni akiba ya kutoa wakati wowote kumbe sivyo, ukiambiwa ni sharti la benki kumbe sivyo, ukisainishwa fomu tupu, au majibu ya afya yakijazwa na mtu mwingine bila kukuuliza, hapo unadai mkataba ufutwe tangu mwanzo na ada zote zirudi. Shikilia maneno hayo, "kufutwa tangu mwanzo". Utayahitaji kaunta.

Sababu yake ni hii. Ukifika ofisi ya kampuni ukasema "nataka kuacha bima", mhudumu atakupa fomu ya kuvunja bima. Hana ubaya, ndiyo fomu aliyonayo. Ukiisaini umekubali kwamba mkataba ulikuwa halali na kwamba utapokea kile tu kinachotajwa kwenye jedwali lao. Wengi hupoteza shauri lao hapo, kabla halijaanza. Usisaini. Sema unaleta malalamiko ya maandishi.

Kabla ya barua, kusanya karatasi. Hati ya bima yenyewe, yote, pamoja na ukurasa wa masharti ambao wakala hakukuachia. Slipu za mshahara tangu kato la kwanza hadi la mwisho. Kama ulilipa kwa simu, chapisha taarifa ya miamala. Pesa ikiwa ilikwenda kwenye namba binafsi ya wakala na si ya kampuni, jambo hilo peke yake ni zito, liandike. Jumbe za wakala kwenye simu usizifute wala usimjibu kwa hasira. Zipige picha zikionyesha namba na tarehe. Kisha omba benki barua au hata barua pepe fupi inayotaja bima gani ni sharti la mkopo wao wa nyumba. Kwa kawaida benki hutaka bima mbili: bima ya maisha ya mkopo, inayolipa deni lililobaki mkopaji akifa au akipata ulemavu wa kudumu, na bima ya jengo dhidi ya moto na majanga mengine. Bima ya akiba ya miaka 15 kwa kawaida haimo. Barua hiyo ya benki ina nguvu kuliko maelezo yako yote, kwa sababu inampinga wakala bila wewe kubishana naye.

Karatasi inayosahaulika zaidi ni nakala ya fomu ya maombi ya bima. Watu huja na hati nzuri yenye nembo, wakati ushahidi umelala kwenye fomu. Iombe kampuni kwa maandishi, kisha fungua sehemu ya maswali ya afya. Kila swali limejibiwa "hapana": presha hapana, sukari hapana, upasuaji hapana, dawa za kila siku hapana, kwa mwandiko mmoja ulionyooka kama wa mtu aliyejaza fomu ishirini jioni moja. Na mwenye bima ana kadi ya kliniki ya presha ya hospitali ya Sekou Toure tangu kabla ya tarehe ya fomu. Majibu ya namna hiyo yanaumiza pande mbili. Mwenye bima akifa, kampuni inaweza kukataa kuilipa familia kwa hoja kwamba marehemu alificha ugonjwa. Na kama bima hiyo iliwekwa dhamana ya mkopo, benki inabaki na nyumba ya kudai na familia inabaki na deni. Kwa hiyo ukikuta majibu ya uongo, usinyamaze ukidhani yanakusaidia. Yataje kwenye barua, ambatisha nakala ya kadi ya kliniki, na sema mwandiko si wako.

Barua iwe ukurasa mmoja. Matusi, historia ya wakala na mambo ya ndugu zake yaache nje. Mfano:

Yah: Maombi ya kufutwa tangu mwanzo kwa bima namba (andika) na kurejeshewa ada

Tarehe 14 Machi 2023 wakala wenu (jina, namba ya usajili kama unayo) aliniuzia bima ya maisha ya miaka 15 nikiwa kazini. Alinieleza kuwa ni akiba ninayoweza kuitoa wakati wowote, na kuwa ni sharti la mkopo wa nyumba. Ukurasa wa 6 wa hati unaonyesha haina thamani ikivunjwa kabla ya miaka mitatu. Barua ya benki niliyoambatisha inaonyesha si sharti. Swali la 9 la fomu ya afya limejibiwa kwa mwandiko usio wangu na jibu si la kweli. Nimekatwa 85,000 kwa miezi 24, kuanzia Aprili 2023 hadi Machi 2025, jumla 2,040,000. Naomba mkataba ufutwe tangu mwanzo, nirejeshewe kiasi chote, na mwajiri wangu aandikiwe asimamishe kato. Naomba jibu la maandishi kufikia tarehe (andika).

Tarehe, namba ya ukurasa na jumla ya pesa ndivyo vinavyoibeba barua. Jumla lazima ilingane na slipu ulizoambatisha. Kama slipu ya mwezi mmoja haipo, itafute kwanza, kwa sababu kampuni itajibu kuhusu mwezi huo mmoja na kuacha mingine yote.

Peleka nakala mbili kwenye tawi la kampuni. Moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na mpokeaji aandike jina lake. Barua isiyo na muhuri ni kama haikwenda. Anayetoka Nansio ahakikishe nakala za kitambulisho cha NIDA, hati na slipu ziko kwenye bahasha kabla ya kupanda kivuko, maana kusahau karatasi moja ni siku nyingine na nauli nyingine. Ukituma kwa EMS, tunza risiti na uombe uthibitisho wa kupokelewa kwa barua pepe.

Kato la mshahara halisimami kwa sababu umeandika barua. Afisa utumishi wa halmashauri kwa kawaida anataka maelekezo ya kampuni, au angalau nakala ya malalamiko yako yenye muhuri pamoja na barua yako ya kuomba kusimamishiwa. Mpelekee mapema ndani ya mwezi. Mishahara ikishafungwa, kato litatokea tena na itabidi uliongeze kwenye jumla unayodai. Kuna tahadhari moja. Usikimbilie kusimamisha malipo kama bima hiyo tayari imewekwa dhamana ya mkopo mwingine, hata wa SACCOS. Bima ikifa kwa kutolipiwa, umevunja masharti ya mkopo ule. Angalia hati kama ina karatasi ya kuhamisha haki kwa mkopeshaji. Kama ipo, zungumza na mkopeshaji kwanza. Na kama hati yako bado mpya, tafuta kifungu kinachompa mteja siku za kuipitia na kuirudisha. Ukiwa ndani ya siku hizo zilizoandikwa, huhitaji kuthibitisha uongo wowote, barua fupi ya kurudisha inatosha.

Majibu ya kampuni huja kwa sura tatu. La kwanza ni "ulisaini mwenyewe". Jibu lake ni kwamba hukatai saini, unakataa maelezo yaliyoileta saini, na unarudi kwenye barua ya benki na mwandiko wa fomu. La pili ni kukupa nusu kwa sharti usaini kwamba huna dai lingine. Linaweza kukufaa kama mkopo unakusubiri na ushahidi wako ni mwembamba, ila soma karatasi hiyo kama unavyosoma mkataba wa kiwanja. La tatu ni ukimya.

Ukimya au jibu usiloridhika nalo ndivyo vinavyokupeleka kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 na yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Huko peleka barua yako yenye muhuri, jibu la kampuni kama lipo, na viambatisho vyote kwa mpangilio wa tarehe. Uliza pia kama wakala aliyekuuzia alikuwa na usajili siku ile. Wakala asiyesajiliwa anabadilisha uzito wa shauri lote. TIRA inasimamia mwenendo wa kampuni na mawakala. Mgogoro wenyewe wa pesa kati yako na kampuni una njia yake nyingine, Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, ambaye ofisi yake iko Dar es Salaam. Huko utaulizwa kwanza kama kampuni ilipewa nafasi ya kujibu, na ndiyo maana muhuri ule wa siku ya kwanza una thamani. Usifungue kesi mahakamani huku ukitaka usuluhishi. Chagua njia moja.

Kama muuzaji alikuwa benki yenyewe, kwa sababu siku hizi benki nyingi ni mawakala wa bima, malalamiko ya kwanza yaende kwa meneja wa tawi. Yakikwama, kuhusu mwenendo wa benki unakwenda Benki Kuu, yenye tawi Mwanza na yenye kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019. Kuhusu bima unabaki na TIRA.

Wakati shauri linaendelea, usilifiche kwa afisa mikopo. Mwambie kato lina mgogoro na umwonyeshe barua. Wengine hukubali kuandaa faili na kusubiri barua ya kampuni ya kufuta makato pamoja na slipu ya mwezi mmoja isiyo na mstari ule. Muda huo utumie kwa mambo mengine yanayochelewesha rehani: upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati, uthamini wa nyumba, na ridhaa ya maandishi ya mke au mume.

Benki ikifika kwenye bima ya mkopo wako mpya, omba majibu ya maswali matano kwa maandishi. Ada ni kiasi gani na inalipwa kila mwaka au mara moja mwanzoni? Ikilipwa mwanzoni, inatoka mfukoni au inaongezwa kwenye mkopo? Maana ikiongezwa, ada ya 900,000 utailipia riba miaka yote 15. Bima inaisha lini, siku moja na mkopo au kabla yake? Ukimaliza deni mapema, sehemu ya ada isiyotumika inarudi? Na bima ya kampuni nyingine yenye kinga ileile inapokelewa? Fomu ya afya safari hii ijaze mwenyewe, kwa kalamu yako, ukitaja presha, sukari na dawa unazomeza. Ada inaweza kupanda kidogo, au ugonjwa fulani ukaondolewa kwenye kinga, na ni vizuri mwenza wako ajue hilo leo. Piga picha kila ukurasa wa fomu hiyo kabla hujaikabidhi.