Pigia mstari vitenzi
Ukichambua hadithi fupi, usiishie kuandika "mandhari ni usiku, kijijini". Chukua penseli, rudi kwenye aya iliyokuweka roho mkononi, upigie mstari vitenzi vyake. "Aliingia jikoni" haisemi kitu. Lakini "alinyata hadi jikoni, koroboi ikififia" inakuonyesha mtu asiyetaka kusikika na mwanga usiodumu. Mandhari na taharuki, yaani ile hamu ya kutaka kujua kitakachotokea, vimekaa sentensi moja. Kisha jiulize: anamkwepa nani? Taharuki huishi kwenye swali ambalo mwandishi analichelewesha jibu, kwa hiyo onyesha lilipoanza na lilipojibiwa. Na tafadhali, ukitaja mbinu, nukuu neno lenyewe. Andika "alinyata", halafu eleza kwa nini "alitembea" lisingetosha.