Juhudi za mtu au ubaguzi wa rangi? Namna ya kupima hoja kuhusu pengo la Weusi na Weupe Marekani

Mjadala huu huwa hauendi popote. Mmoja anasema Wamarekani Weusi wako nyuma kwa sababu wanabaguliwa. Mwenzake anajibu kwamba sheria za ubaguzi zilifutwa tangu miaka ya 1960, na kilichobaki ni mtu kujituma, kusoma na kutunza familia yake. Kila mmoja ana takwimu zake mbili tatu, na zote huenda ni za kweli. Shida ni kwamba hawazungumzii kitu kimoja. Mwongozo huu ni kwa anayeandika insha au makala, au anayeongoza mdahalo, na anataka kuifungua hoja ya namna hii aone ndani kuna nini.

Anza kwa kutaja pengo moja tu

Usikubali neno "ukosefu wa usawa" likae hewani. Uliza: pengo la nini? La mshahara, mali, ajira, kifungo, au alama za shule? Kila pengo lina chanzo chake na ukubwa wake.

Chukua mali. Uchunguzi wa Benki Kuu ya Marekani wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba ukizipanga familia za Weupe kuanzia maskini hadi tajiri, ile ya katikati kabisa ilikuwa na mali ya dola 285,000 baada ya kutoa madeni. Kwa Weusi, familia ya katikati ilikuwa na dola 44,900. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara sita. Pengo la kipato halifiki hata karibu na hapo, na sababu iko wazi: kipato ni maji yanayoingia mwaka huu, mali ni bwawa lililoanza kujazwa na babu. Kwa hiyo anayetumia pengo la mali kuthibitisha uvivu wa kijana wa leo amekosea kipimo. Vilevile amekosea anayelitumia kuthibitisha kwamba mwajiri wa leo ni mbaguzi.

Kuwa makini pia na wastani. Ukijumlisha mali yote na kugawa kwa idadi ya familia, mabilionea wachache wanaivuta hesabu juu. Tumia familia ya katikati, na useme wazi kwamba ndiyo uliyotumia.

Ziandike hoja zote mbili kwa namna inayoweza kushindwa

"Ubaguzi" ni neno lenye vitu vitatu ndani yake: ubaguzi wa zamani ulioacha madhara, ubaguzi wa mtu aliyesimama mlangoni leo, kama mwajiri anayeamua nani aingie, na kanuni isiyotaja rangi lakini inayoumiza rangi moja zaidi. "Juhudi za mtu" nayo ina vitu vitatu: maamuzi, ujuzi, na mazoea yanayorithiwa nyumbani na mtaani. Usipovitenganisha, mtu akibanwa kwenye kimoja atarukia kingine bila wewe kugundua.

Kisha uliza kila hoja inatabiri nini. Kama tatizo ni mtu wa mlangoni, basi watu wawili wenye karatasi zinazofanana watapokewa tofauti. Kama tatizo ni ujuzi na maamuzi peke yake, watapokewa sawa. Hilo linaweza kujaribiwa, na limejaribiwa mara nyingi.

Jaribio la mlangoni, na jinsi ya kulisoma

Jaribio linalojulikana zaidi lilichapishwa mwaka 2004. Watafiti walituma wasifu wa kubuni karibu 5,000 kujibu matangazo ya kazi katika magazeti ya Boston na Chicago. Sifa zililinganishwa, lakini majina yaligawanywa: baadhi yalisikika kama ya Weupe, mengine kama ya Weusi. Majina ya Weupe yaliitwa mara 9.65 katika kila maombi 100, ya Weusi mara 6.45.

Hapa ndipo watu hupotoshana. Mmoja atasema tofauti ni "asilimia tatu tu", mwingine atasema ni "asilimia hamsini". Wote wametoa kwenye tarakimu zile zile: ukitoa unapata pointi 3.2, ukigawa unapata mara moja na nusu. Andika zote mbili, halafu tafsiri kwa lugha ya mtafuta kazi: mwenye jina la Weupe alihitaji kutuma maombi kama 10 ili aitwe mara moja, mwenye jina la Weusi kama 15.

Jaribio la pili linauma zaidi. Huko Milwaukee, matokeo yake yakichapishwa 2003, vijana waliofundishwa kujieleza kwa namna moja walitumwa kwa waajiri 350 kuomba kazi za kawaida. Mweupe asiye na rekodi ya jinai aliitwa kwa asilimia 34, Mweupe aliyesema amewahi kufungwa asilimia 17, Mweusi asiye na rekodi asilimia 14, Mweusi mwenye rekodi asilimia 5. Zitazame namba mbili za katikati kwa utulivu. Kijana Mweusi aliyefanya kila alichoambiwa akifanye alipokewa na mwajiri kama Mweupe aliyetoka gerezani, au chini kidogo. Anayehubiri juhudi binafsi lazima aitolee jibu hesabu hiyo, kwa sababu hapa tabia njema ilikuwepo na malipo yake hayakulingana.

Hata hivyo usilibebeshe jaribio mzigo usio wake. Linapima kuitwa tu, halipimi mshahara wala kupandishwa cheo. Jina linaweza kumfanya mwajiri akisie pia hali ya uchumi ya mwombaji. Na waajiri hawafanani: utafiti mwingine wa baadaye, wenye maombi kama 83,000 kwa makampuni 108 makubwa, ulikuta tofauti ya wastani ya pointi kama 2, na karibu nusu ya nafasi zilizopotea zilitoka kwa moja ya tano ya makampuni hayo. Ubaguzi mlangoni upo, na umejikusanya mahali fulani. Hilo lina maana kwa anayetafuta dawa: wakaguzi wapelekwe huko, badala ya kuwatuhumu wote kwa kiwango kimoja.

Rudi nyuma ya mlango

Sasa sikiliza upande wa pili kwa haki. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia vijana waliofanya mtihani wa stadi wakiwa bado hawajaanza kazi kwa dhati. Watafiti walipolinganisha wanaume Weusi na Weupe wenye alama sawa, pengo la mshahara lilipungua kwa takriban robo tatu. Yaani sehemu kubwa ya pengo lile ilikuwa imeshajengeka kabla mwajiri hajamwona mtu.

Wengi wa upande wa juhudi hufunga daftari hapo. Usifunge. Uliza alama zilitoka wapi. Mtoto wa miaka 15 hakujichagulia shule, mtaa, wala kisomo cha mama yake.

Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote katika somo hili. Kila unaposema "tuwalinganishe wenye elimu sawa, mtaa sawa, rekodi sawa", unaondoa sehemu ya pengo. Kama elimu, mtaa na rekodi vyenyewe vimeguswa na ubaguzi, umeufuta ubaguzi kwa kalamu yako. Lakini usipolinganisha kabisa, unamtwika mwajiri makosa ya shule. Suluhisho ni kuandika hesabu kwa ngazi. Mfano wa kubuni: pengo ni dola 10 kwa saa. Ukilinganisha wenye alama sawa linabaki dola 4. Ukiongeza aina ya kazi linabaki 2. Andika tarakimu zote tatu, na kwa kila ngazi eleza nani aliamua jambo hilo: mtu mwenyewe, wazazi wake, au serikali. Zile dola 2 za mwisho usiziite "ubaguzi" moja kwa moja. Ni mabaki: zinaweza kuwa ubaguzi, zinaweza kuwa kitu ambacho hakikupimwa.

Historia ije na mwaka, kanuni na njia

Hoja ya ubaguzi wa zamani ina nguvu pale tu inapotaja kanuni gani, mwaka gani, na madhara yalisafiri kwa njia gani hadi leo. Bila njia, inabaki kilio.

Mfano ulio kamili ni nyumba. Kuanzia 1934 serikali kuu ilidhamini mikopo ya nyumba kupitia mamlaka iliyoona mtaa wa Weusi au wa mchanganyiko kuwa hatari, hivyo dhamana haikufika huko. Huko Levittown, mtaa mpya wa nyumba uliojengwa jimbo la New York, mikataba ya mwanzo ilikataza waziwazi nyumba kukaliwa na mtu asiye Mweupe. Mwaka 1949 nyumba pale iliuzwa dola 7,990, kiasi ambacho askari Mweusi aliyerudi vitani akiwa na ajira angeweza kulipa kidogo kidogo kama mwenzake Mweupe. Sheria ya kukataza ubaguzi wa makazi ilikuja 1968. Kufikia hapo mwenzake alikuwa na karibu miaka 20 ya thamani iliyopanda, ya kukopea ada za watoto na kuwaachia urithi. Hiyo ndiyo njia. Haihitaji mbaguzi yeyote aliye hai leo ili iendelee kufanya kazi.

Kwa kanuni isiyotaja rangi, tazama sheria ya dawa za kulevya ya 1986. Aliyekamatwa akiuza gramu 5 za kreki, yaani kokeini iliyopikwa ikawa vipande vya kuvuta, alipata kifungo cha chini cha miaka 5. Wa kokeini ya unga alihitaji gramu 500 ili apate kifungo kile kile. Wengi mno wa waliofungwa kwa kreki katika mahakama za serikali kuu walikuwa Weusi. Mwaka 2010 kiwango cha kreki kilipandishwa hadi gramu 28. Hapa mambo mawili yanakaa pamoja bila kugombana: kuuza ni uamuzi wa mtu, urefu wa kifungo ni uamuzi wa Bunge.

Hoja ya tabia nayo ipimwe vivyo hivyo

Hoja ya familia ndiyo inayotajwa sana. Ripoti ya serikali ya 1965 ilishtuka kwamba karibu robo ya watoto Weusi walizaliwa nje ya ndoa. Leo ni takriban asilimia 70. Wenye hoja ya ubaguzi wanapaswa kuukubali ugumu huu: ubaguzi wa kisheria ulikuwa mkali zaidi mwaka 1950, na ndoa zilikuwa imara zaidi. Ubaguzi peke yake hauelezi ongezeko hilo. Lakini kwa Weupe nako kiwango kilipanda, kutoka asilimia chache hadi zaidi ya robo, kwa hiyo "utamaduni wa Weusi" peke yake nao hauelezi. Ajira za viwandani zilipoondoka mijini, wanaume wasio na kisomo kikubwa wa rangi zote waliyumba. Weusi walikuwa wengi zaidi katika kazi na miji hiyo.

Utafiti uliotolewa 2018, uliotumia kumbukumbu za kodi na sensa za watu takriban milioni 20, unafaa kusomwa na pande zote mbili. Wavulana Weusi na Weupe waliokulia familia zenye kipato kimoja, tena mtaa mmoja, walipokua Weusi walipata kipato kidogo karibu katika mitaa yote, asilimia 99. Kama baba yuko nyumbani au la, kulieleza sehemu ndogo tu ya pengo. Kwa wasichana, pengo la kipato halikuonekana kabisa. Lakini mitaa michache ambako pengo la wavulana lilikuwa dogo ilikuwa na sifa mbili kwa pamoja: Weupe wenye chuki ndogo ya rangi, na akina baba Weusi wengi mtaani, hata kama baba wa mtoto mwenyewe hayupo. Ukisoma nusu moja ya sentensi hiyo na kuiacha nyingine, umeandika propaganda.

Kuhusu wahamiaji kutoka Nigeria na kwingineko, wanaotajwa kama ushahidi kwamba rangi si kikwazo: zaidi ya nusu ya watu wazima Wanigeria walioko Marekani wana shahada. Hao walichujwa na visa, nauli na vyeti kabla ya kupanda ndege. Usilinganishe waliochujwa na jamii nzima.

Tenga chanzo na dawa

Aliyeumiza na anayeweza kutibu si lazima wawe mtu mmoja. Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa Wamarekani Weusi, alihimiza kazi na kujitegemea katika hotuba yake ya Atlanta ya 1895, na huku nyuma kwa siri akatoa fedha za kesi mahakamani kutetea haki ya Weusi kupiga kura. Hakuona haja ya kuchagua.

Dawa nayo ipimwe kwa matokeo yake. New Jersey na jiji la New York zilipowakataza waajiri kuuliza rekodi ya jinai kwenye fomu, nia ilikuwa kuwasaidia vijana Weusi. Watafiti waliotuma maombi kama 15,000 walikuta kwamba kabla ya sheria Weupe waliitwa kwa asilimia 7 zaidi ya Weusi, na baada yake asilimia 43. Mwajiri aliyekosa taarifa alikisia kwa rangi. Jaribio la 1994 hadi 1998 katika miji mitano lilikwenda vizuri zaidi: familia maskini zilipewa kwa kura vocha za kodi ya nyumba ili zihamie mitaa yenye umaskini mdogo. Watoto waliohama kabla ya kufika umri wa miaka 13, walipokua walipata kipato cha asilimia 31 zaidi ya wenzao ambao hawakupewa vocha. Waliohama wakiwa wakubwa hawakufaidika.

Ukifika kuandika, hitimisho lako liwe na umbo hili: "Katika pengo la kitu fulani, kati ya watu fulani, mwaka fulani, sehemu hii ilijengeka kabla ya ajira na sehemu hii mlangoni, na nimejua kwa jaribio hili." Kama sentensi yako inaweza kusimama bila mwaka na bila jina la pengo, irudishe ukaiandike upya.