Kuku akinyonyoka manyoya, tazama kwanza upara uko wapi

Usikimbilie dawa. Subiri magharibi kuku wapande kulala, mshike mmoja mmoja umulike kwa tochi.

Upara ukiwa mgongoni na kisogoni, mtuhumiwa ni jogoo. Hapa kwangu Makorora, Tanga, niliwahi kuweka majogoo watatu kwa mitetea saba. Migongo ikachubuka ikawa myekundu kama nyanya. Wawili wakaishia kwenye pilau. Jogoo mmoja anatosha mitetea minane hadi kumi.

Ukiwa chini ya mkia, fukunyua manyoya utafute chawa. Utitiri mwekundu ni mjanja zaidi: hunyonya damu usiku, mchana hujificha kwenye nyufa za vichanja. Kumpaka kuku dawa na banda ukaliacha ni kazi bure. Mimi hutoa vichanja vyote nikavimwagia maji yanayochemka, kisha nawawekea mchanga mkavu na jivu wagaregare.

Akinyonyoka kuanzia kichwani na shingoni kushuka mwilini, na mayai yamekatika, anabadili manyoya tu. Mwongezee dagaa, umwache miezi miwili mitatu.

Na kishingo, yule kuku wa kienyeji mwenye shingo isiyo na manyoya? Shangazi alipomwona wangu alisema, "Mwanangu, huyu mgonjwa." Kazaliwa hivyo! Kwa joto letu la Januari ndiye ningemchagua kwanza, maana shingo tupu humpunguzia joto. Kuchi, aina nyingine ya kuku wa kienyeji, ana umbo na nyama, lakini mgomvi, na mayai yake haba. Kwenye ua mdogo kama wangu, kuchi madume wawili usithubutu.