Jinsi ya kuomba kibali cha kuwinda dubu wa kahawia Kodiak, Alaska, ukiwa mgeni

Karatasi za safari hii zinategemeana. Fomu ya bahati nasibu, ambayo ndiyo njia ya kugawa vibali, inataka mkataba wa kiongozi wa uwindaji, kibali cha bunduki kinataka leseni, na kibali cha kusafirisha nyara kinataka cheti cha lakiri, yaani muhuri ambao idara ya wanyamapori huweka kwenye ngozi na fuvu. Ukianzia katikati utarudishwa mwanzo, na mlango wa mwanzo hufunguliwa mara moja tu kwa mwaka, Novemba. Kwa hiyo anza kujipanga mwaka mmoja na nusu kabla ya siku unayotaka kuwa porini.

Sheria inakuita nani?

Bei na masharti yote yanatokana na jibu la swali hili. Raia wa Marekani au mwenye grini kadi anayeishi jimbo jingine, tuseme Mkenya wa Minneapolis, ni mgeni wa jimbo: leseni ya mwaka dola 160, lebo ya kufunga kwenye ngozi ya dubu dola 1,000. Anayetoka Dar es Salaam au Muscat kwa viza ya matembezi ni mgeni wa nchi: leseni dola 630, lebo dola 1,300. Ukijiweka kundi la kwanza huku wewe ni wa pili, hujaokoa pesa. Umetoa taarifa ya uongo kwenye leseni, na hilo ni kosa la jinai.

Makundi yote mawili yanalazimika kuwa na kiongozi mwenye leseni. Mgeni wa jimbo ana upenyo mmoja: anaweza kuongozana na ndugu yake mkaazi wa Alaska mwenye umri wa miaka 19 au zaidi, mradi ni mzazi, mwenzi wa ndoa, mtoto, ndugu wa kuzaliwa, babu, bibi, mjukuu, au mkwe na shemeji wa karibu. Kwetu binamu ni ndugu kabisa; huko hahesabiki, wala mjomba. Mgeni wa nchi hana upenyo huo hata kama baba yake mzazi anaishi Kodiak mjini.

Mkataba wa kiongozi

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Anayeruhusiwa kusaini mkataba na mteja ni kiongozi aliyesajiliwa au kiongozi mkuu. Msaidizi wake anaweza kukaa nawe porini siku zote, lakini hawezi kukuuzia safari kwa jina lake. Jina na namba ya leseni vitafute mwenyewe kwenye orodha ya leseni za kitaaluma ya serikali ya Alaska, ambayo iko wazi mtandaoni.

Kisha muulize eneo. Kiongozi husajili maeneo yasiyozidi matatu, jambo lisilotofautiana sana na vitalu vya Tanzania. Sehemu kubwa ya kisiwa cha Kodiak ni hifadhi ya taifa, na humo anahitaji pia kibali maalumu cha hifadhi, kinachotolewa kwa ushindani. Mwambie akutajie eneo lake na kibali chake cha ardhi kwa maandishi. Safari za Kodiak mara nyingi huanzia dola 20,000 kwenda juu, bila leseni wala lebo, na malipo ya awali hudaiwa mapema. Mkataba useme wazi fedha hiyo inakwenda wapi usipopata kibali, kwa sababu kibali hiki ni cha bahati nasibu na kiongozi hawezi kukuahidi.

Ombi lenyewe: 1 Novemba hadi 15 Desemba

Ombi hupelekwa kwenye idara ya samaki na wanyamapori ya Alaska, kupitia tovuti yake. Andaa namba ya leseni, namba ya bahati nasibu ya eneo ambalo kiongozi wako amesajiliwa, uthibitisho wa mkataba wake, na ada ya dola 5. Ada hairudishwi.

Kodiak na visiwa vyake vina dubu wapatao 3,500, na wageni hawapewi zaidi ya asilimia 40 ya vibali. Maombi mengine hayaangushwi na bahati mbaya. Huangushwa na namba ya eneo isiyolingana na eneo la kiongozi, kwa hiyo mtumie fomu aisome kabla hujabonyeza kitufe. Matokeo hutoka Ijumaa ya tatu ya Februari.

Sasa angalia mtego wa tarehe. Mwaka wa sheria za uwindaji huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, ila leseni hufa 31 Desemba. Ombi la Desemba 2026 ni la msimu wa vuli 2027, kuanzia 25 Oktoba hadi 30 Novemba, au wa machipuko 2028, kuanzia 1 Aprili hadi 15 Mei. Anayewinda Aprili 2028 lazima awe na leseni ya 2028. Ile ya 2027 haimsaidii kitu.

Bunduki

Mgeni mwenye viza anayekuja na silaha yake hujaza Fomu 6NIA ya mamlaka ya silaha ya Marekani na kuambatanisha leseni ya uwindaji ya jimbo. Bila leseni hiyo, sheria ya shirikisho inamhesabu kuwa haruhusiwi kushika silaha kabisa. Fomu ipeleke angalau miezi mitatu kabla ya safari. Nakili namba ya bunduki kutoka kwenye chuma chenyewe, si kwenye kitabu cha leseni cha nyumbani: tarakimu moja ikipishana, bunduki inabaki forodhani. Ukipitia nchi nyingine na kubadilisha ndege, uliza sheria ya silaha ya hapo pia. Bunduki ya .375 ya kuwindia nyati inafaa kabisa. Na kama usumbufu huu ni mwingi, viongozi wengi hukodisha.

Lebo, kisha lakiri

Lebo ni kipande cha chuma chenye kufuli. Iwe mkononi kabla hujapanda ndege ndogo ya kwenda kambini, kwa maana hufungwa kwenye ngozi pale pale dubu alipoangukia. Siku uliyosafiri kwa ndege huwindi hadi saa 9 alfajiri ya siku inayofuata. Jike mwenye watoto haguswi, wala watoto wenyewe. Kodiak, dubu aliyejeruhiwa akapotea anahesabika kuwa ndiye dubu wako.

Ngozi na fuvu hupelekwa ofisi ya idara ndani ya siku 30, na kwa dubu wa Kodiak kazi hiyo hufanyika kabla nyara haijatoka kisiwani. Wanaofika na mzigo kutoka kwenye friza hurudishwa. Ofisa anapima urefu na upana wa fuvu, kisha anang'oa jino dogo lililo nyuma ya chonge, ambalo baadaye hukatwa na pete zake kuhesabiwa ili umri ujulikane. Taya lililoganda halifunguki. Fuvu liwe limetolewa ndani ya ngozi, na alama ya jinsia, yaani sehemu za siri, iachwe imeshikana na ngozi. Mchunaji mwenye haraka huikata bila kufikiri. Ukirudi mikono mitupu bado unadaiwa ripoti, na asiyeripoti hunyimwa vibali vya mwaka unaofuata.

Kutoa nyara Marekani

Dubu huyu yumo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Unahitaji kibali cha kusafirisha nje kutoka idara ya shirikisho ya samaki na wanyamapori, pamoja na tamko la Fomu 3-177 kwenye bandari iliyoteuliwa. Anchorage ni mojawapo. Cheti cha lakiri ndicho kinachothibitisha kwamba mnyama aliuawa kihalali. Upande wa nyumbani, uliza mamlaka ya wanyamapori kabla mzigo haujaondoka. Kenya, iliyopiga marufuku uwindaji wa kitalii tangu 1977, ofisi husika ni KWS, shirika la wanyamapori la nchi hiyo.

Usiombe kibali cha CITES mapema. Kinaishi miezi sita tu, na fundi wa kukausha ngozi anaweza kukaa na yako mwaka mzima. Subiri akuambie kazi imekwisha, ndipo uombe.